Kikundi kimenituma misheni (Mbinga) kukagua kabla ya mradi wa maji. Nikaangalie nini hasa?

Mwanasemina98 (Julai)

Wakuu salaam.

Sisi ni kikundi cha watu tuliosoma shule moja ya misheni huko wilaya ya Mbinga. Wengi tuko Dar, wachache Dodoma, wawili wako nje. Tumechangishana pole pole na sasa hela imefika mahali pa kusema neno. Shule ni ya bweni, pembeni kuna kituo cha afya cha masista, halafu parokia. Kilio chao tangu enzi zetu ni maji. Ikifika mwezi wa kumi wanafunzi wanashuka mtoni na ndoo saa ambazo walitakiwa kuwa darasani.

Kwenye grupu mradi umeshaamuliwa: kisima kirefu, pampu ya sola, tangi juu ya mnara wa chuma, na tangi liandikwe mwaka wetu wa kuhitimu. Kuna jamaa ameshachora mpaka nembo. Mimi nimeteuliwa kwenda "kujiridhisha" kwa kuwa ndiye niliyepata likizo. Sio mhandisi, ni mhasibu.

Wenye uzoefu wa kutembelea hizi misheni za ndani kwa ajili ya kupanga miradi, nisaidieni. Nikifika niangalie nini, nimuone nani, na nirudi na kitu gani mkononi?

---

BombaLaChini

Mhasibu ni mtu mzuri wa kutumwa. Hana haraka ya kuchora.

Nimefanya kazi za maji Ruvuma na Njombe kwa muda mrefu, nyingi zikiwa za taasisi za dini. Nitakwambia ninavyofanya mimi, uchukue linalokufaa.

Siku ya kwanza usiwaulize "mnahitaji nini". Ukiuliza hivyo misheni utaletewa soda na orodha, na orodha itafanana sana na kile wanachodhani mfuko wako unaweza. Waombe wakuonyeshe vilivyokufa. Kila misheni ya zamani ina stoo au banda nyuma ya karakana, humo kuna historia nzima ya miradi: injini ya Lister iliyokaa miaka, paneli zilizopasuka, pampu iliyoungua, koili za bomba ambazo hakuna anayejua zilinunuliwa za nini. Simama mbele ya kila kimoja uulize: kililetwa na nani, kilifungwa lini, kilisimama lini, kilikosa nini? Fundi wake alikuwa nani na sasa yuko wapi? Andika majibu. Yakijirudia mara tatu umeshajua mradi wako nao utakufa kwa ugonjwa gani.

Uliza pia kama nyumba ina kronika, yaani kitabu cha matukio cha misheni. Mashirika mengi ya kitawa, hasa Wabenediktini waliofika Peramiho 1898, walikuwa na tabia ya kuandika kila kitu: mvua ya kwanza, ng'ombe aliyekufa, bomba lililotandazwa na likapita wapi. Usipopata kitabu, tafuta mzee aliyewahi kuwa fundi wa misheni. Hao wanajua bomba limelala wapi kuliko ramani yoyote, na aghalabu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Pili, je, maji yanayotumika sasa yanatoka wapi? Hujayataja kabisa. Shule haiwezi kukaa miaka hiyo yote bila maji yoyote.

---

Mwanasemina98

Kuna chemchemi mlimani, kama kilomita tatu hivi. Bomba la chuma la zamani, nadhani miaka ya 70. Zamani kulikuwa na pampu ile inayogonga "tak, tak" bila umeme wala mafuta, siku hizi haipo. Maji yanafika tangi la shule lakini kidogo, na Oktoba ni kama hayafiki.

---

Kidume_Kariakoo

Hela ipo, maji hakuna, halafu mtu anapanda basi kwenda "kukagua". Chimbeni kisima muweke na hilo tangi lenu lenye majina, maisha yaendelee. Hii nchi tunapenda vikao jamani.

---

BombaLaChini

@Kidume_Kariakoo umezoea Dar, unachimba kwenye mchanga na maji unayakuta. Milima ya Umatengo ni mwamba mgumu wa kale. Maji ya chini yanakaa kwenye nyufa tu. Ukiupata ufa una kisima; ukiukosa kwa mita tano una shimo kavu la bei ya kisima. Ndiyo maana unalipa kwanza mtaalamu wa kupima ardhi, na bado unabaki na wasiwasi. Hata ukipata, maji ya mwamba yanaweza kuwa na madini ya chuma, na ukiwa na masista wanaovaa nyeupe utaisikia habari hiyo mapema.

Sisemi kisima ni kibaya. Nasema huwezi kukichagua ukiwa kwenye grupu.

@Mwanasemina98 chukua ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Nenda chanzoni, kusanya maji yote yapite sehemu moja (udongo wa mfinyanzi na kipande cha bomba vinatosha), hesabu sekunde hadi ndoo ijae. Rudia mara kadhaa, chukua wastani. Halafu shuka mpaka tangi la shule, fanya vile vile pale bomba linapomwagia. Vipimo viwili, siku moja. Watu wengi hupima kimoja wakaenda nyumbani.

Ukiwa na namba hizo njoo tuzungumze.

---

MamaKahawa

Mimi ni mzaliwa wa huko huko, niongeze yasiyohusu ndoo.

Kaka, Julai watu wako kwenye kahawa. Ukiitisha mkutano asubuhi utawapata wazee wawili na mtendaji. Nenda jioni, au muulize mwenyekiti wa kijiji siku gani watu hupumzika. Na usipange siku yenye kipaimara au ujio wa Askofu, maana hapo misheni yote iko jikoni. Msiba ukitokea, mkutano umeahirishwa, hakuna mjadala.

Utaratibu wa kufika: unaanza kwa paroko na sista mkuu wa nyumba, sawa. Lakini siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama, fika ofisi ya kijiji usaini kitabu cha wageni. Ukilala misheni siku mbili bila kuonekana kijijini, tayari wewe ni "mgeni wa mapadre" na utakachosikia kitakuwa cha adabu tu.

Halafu amka saa 11 alfajiri uende kisimani walipo akina mama na mabinti. Usiende na daftari. Beba ndoo, panga foleni. Pale utaambiwa nani anachota saa ngapi, wapi panagombewa, na mwaka gani palikauka. Kwenye mkutano wanaongea wanaume, na wanaume wengi hawajawahi kubeba hiyo ndoo.

---

Mto_Main

Nasoma hapa nikicheka na kulia. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Würzburg, Ujerumani. Kwa wasiojua, jimbo la Würzburg na jimbo la Mbinga ni marafiki rasmi tangu miaka ya 80 mwishoni, muda si mrefu baada ya Mbinga kumegwa kutoka Songea. Kwa hiyo huku parokia nyingi zina "parokia yao" huko Mbinga, na nimeshawahi kusindikiza wageni kama mkalimani.

Tatizo ambalo halisemwi: hawa wenzetu wanakuja Agosti, kwa sababu likizo ya shule za Bavaria huanza karibu na mwanzo wa Agosti na kuishia katikati ya Septemba. Agosti huko Mbinga barabara zinapitika, hewa safi, mvua imeisha lakini ardhi bado ina maji. Chemchemi inatiririka vizuri. Mgeni anapiga picha, anapima, anarudi kuandika andiko la mradi. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijarudi, hayupo. Namba yote ya mradi imejengwa juu ya chemchemi ya Agosti.

Na wewe unaenda Julai, ndugu. Afadhali wao.

---

RaiaWaKawaida

Swali la kichokozi kidogo. Kwa nini haya yote yafanywe na kikundi cha wanafunzi wa zamani? Serikali ina RUWASA (wakala wa maji vijijini) tangu 2019 kwa kazi hiyo hiyo. Na kila kijiji kina, au kinatakiwa kuwa na, chombo cha watumia maji. Mkiweka mradi wenu ndani ya uzio wa misheni mnazalisha visiwa: padri ana maji, jirani yake hana. Sina ugomvi na dini ya mtu, nauliza tu.

---

BombaLaChini

Sio uchokozi, ndilo swali lenyewe.

Misheni kutoa huduma za jamii nchini si jambo la pembeni. Shule zao nyingi zilitaifishwa baada ya 1969, hospitali zikabaki, na mwaka 1992 serikali na makanisa wakasaini makubaliano ya huduma za jamii. Na wakiamua kusimamia kitu wanaweza: masista Wabenediktini wa Chipole wana mtambo wa umeme wa Tulila kwenye mto Ruvuma, megawati 5, tangu 2015, na wanaiuzia TANESCO. Kwa hiyo hoja ya "watawa hawawezi mitambo" tuiweke pembeni.

Lakini maji ni kitu kingine. Chanzo kikiwa ardhi ya kijiji na bomba likapita mashamba ya watu, hakuna mradi wa misheni peke yake, hata kama hati ya kiwanja cha shule ni safi. Mwanasemina98, ongeza kwenye orodha ya watu wa kuwaona:

Meneja wa RUWASA wilaya. Muulize kijiji hicho kipo kwenye mpango wao wa miaka ijayo au la. Kuna kikundi kimoja nakifahamu kilijenga, mwaka uliofuata bomba la serikali likapita mita mia mbili kutoka hapo.

Ofisi ya bonde, yaani bodi inayosimamia maji ya mto au ziwa husika. Ukichukua maji kwa bomba unahitaji kibali cha kutumia maji, chini ya sheria ya 2009. Huko Mbinga angalia mto unaelekea wapi, maana maji yanayoshukia Ziwa Nyasa yana bodi yake na yanayokwenda Ruvuma yana yake. Nimeona barua ya maombi ikizunguka miezi kwa kupelekwa bonde lisilo lake.

Ofisi ya jimbo. Hapa ndipo wengi wanaruka. Paroko ni mtu mwema lakini anahamishwa. Mali ya parokia iko chini ya wadhamini waliosajiliwa wa jimbo, na bila barua ya Askofu au ya mweka hazina wa jimbo, makubaliano yako na paroko yanaondoka naye kwenye gari la uhamisho.

---

NesiMkongwe

Nimestaafu, nilifanya kazi hospitali za misheni tangu kijana. Nina moja tu. Usipime maji ya kituo cha afya mchana. Nenda usiku, wodi ya wazazi, uulize mama akijifungua saa nane usiku maji ya kunawa wanatoa wapi. Mara nyingi ni pipa, na anayelijaza ni ndugu wa mgonjwa.

Na mkijenga tangi la pamoja la shule na kituo, mwambieni fundi atoboe matundu mawili. Bomba la shule litoke juu kidogo, la kituo cha afya litoke chini kabisa. Maji yakipungua, shule inakauka kwanza, wodi inabaki na akiba. Halihitaji ulinzi wala kikao cha kugawana.

---

Mwanasemina98 (wiki chache baadaye)

Wakuu, nimerudi. Nitaandika kirefu kidogo.

Nilifuata ushauri wa stoo. Paneli zipo, zilizobaki. Kulikuwa na mradi wa sola wa miaka ya nyuma kwenye kisima kifupi karibu na mto. Wafadhili walikuja, wakafunga, wakaondoka na picha. Kidhibiti cha pampu kikaungua, kikatafutwa mpaka Dar kikakosekana, halafu paneli zikaanza kupungua moja moja usiku. Sista aliniambia kwa sauti ya chini sana kwamba "tunajua ziko nyumba zipi lakini tungefanyaje".

Vipimo. Chanzoni ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 11. Kwenye tangi la shule, sekunde 29.

Nilirudia sana nikidhani nimekosea. Hapana. Nimepiga hesabu (hii ndiyo kazi yangu): chanzoni ni lita 1.8 kwa sekunde, kwa siku nzima kama lita 157,000. Tangini ni lita 0.69, yaani kama 59,600. Zaidi ya nusu ya maji inapotea njiani.

Fundi mzee nilimpata. Amelitembea bomba lote pamoja nami, anajua kila kiungio. Nilipomuuliza kwa nini halijawahi kufukuliwa likatengenezwa, alisema kila mgeni aliyekuja alitaka kujenga kitu kipya.

Mengine: chemchemi haijajengewa, ng'ombe wanafika mpaka kwenye jicho la maji, na juu yake kuna shamba la mikaratusi. Kwa kutumia simu, chanzo kiko mita 1,486 na tangi mita 1,441. Tofauti mita 45.

Grupu limepokea taarifa kwa hisia tofauti. Jamaa wa nembo ameniuliza: "Kwa hiyo tunafukia hela ardhini?"

---

Kidume_Kariakoo

Nafuta kauli yangu ya kwanza. Hiyo ya sekunde 29 imenimaliza.

---

MtuWaNgolo

Naomba niseme, maana hapa mnaongea kuhusu kwetu.

Hayo mnayoita "kupotea" si matobo tu. Matobo yapo, bomba limezeeka. Lakini kuna sehemu watu wamekata na kuunganisha mpira. Wanamwagilia mboga, wanafyatua tofali, wengine wanakunywa tu. Kabla hamjawaita wezi: bomba hilo limepita vitongoji viwili tangu babu zetu. Babu zetu ndio waliochimba mtaro wake. Halikuwahi kuwekwa kilula (bomba la kuchotea maji la wote) hata kimoja njiani. Mama anasimama kwenye ngolo zake (mashimo yetu ya kilimo cha mlimani), chini ya miguu yake maji yanapita kwenda kumwagilia maua ya misheni, yeye anashuka bondeni na ndoo.

Mkibadilisha bomba mkaweka jipya la plastiki bila kuongea na hivyo vitongoji, litakatwa kwa panga. La chuma angalau lilikuwa linasumbua msumeno.

---

MamaKahawa

@MtuWaNgolo umesema kweli tupu. Hata nyumbani kwetu tulikuwa na mpira huo, sitaki kusema zaidi.

---

RaiaWaKawaida

Ndicho nilichokuwa nauliza mwanzoni.

---

BombaLaChini

Sasa tuna mradi. Tuchukulie kwa utulivu.

Kwanza mahitaji. Mwanasemina98 nitumie idadi. Kwa vijiji sera ya maji ya 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, umbali usiozidi mita 400, kilula kimoja kwa watu 250. Bweni mimi hupiga lita 70 kwa mwanafunzi, kitanda cha kituo cha afya lita 200.

Pili, urefu wa simu usiuamini. Simu inakupa mahali ulipo vizuri, lakini mwinuko inaweza kukosea mita kumi, ishirini, na leo ikakupa hivi, kesho vile. Kwenye mradi wa mserereko, yaani maji yanayoshuka yenyewe, mita ndizo pampu yako. Tazama: lita 1.8 kwa sekunde kwenye kilomita 3.2 za bomba la plastiki la milimita 63 (la daraja la kawaida, PN10) zitakula kama mita 36 kwa msuguano peke yake. Una 45. Inaonekana inatosha. Simu ikiwa imekosea mita 15, maji hayafiki kwa kiasi hicho na utamlaumu fundi. Weka la milimita 75, msuguano unashuka kama mita 15. Tofauti ya kipimo hicho kidogo cha bomba ndiyo inaamua kama mradi upo au haupo. Mlipe mpimaji mwenye levo, apime njia nzima, siyo ncha mbili tu. Kukiwa na mgongo katikati, hewa itajikusanya juu yake na maji yatasimama. Pale inakaa valvu ya kutolea hewa, na kwenye mabonde koki ya kusafishia tope.

Tatu, rudi Oktoba. Ukishindwa, mfundishe yule fundi mzee na mwalimu mmoja wa shule, wapime kila wiki na ndoo ile ile, waandike. Kiasi cha maji unakipima kiangazi, lakini ubora unaupima masika, mvua inapoosha kinyesi cha ng'ombe kuingia chanzoni. Watu hufanya kinyume: hupeleka sampuli maabara Agosti, inatoka safi, wanafurahi.

Nne, eneo la mita 60 kuzunguka chanzo linalindwa kisheria, sheria ya mazingira ya 2004. Mikaratusi ile ina mwenyewe. Muanze kuongea naye sasa hivi, kwa heshima, na mkubaliane miti mingine atakayopanda badala yake. Usiende na sheria mkononi siku ya kwanza.

---

Mto_Main

Swali kutoka huku: kuna parokia rafiki ambayo ingependa kuchangia kubadilisha hiyo mikaratusi na kujengea chanzo. Lakini wanapenda kuona kitu. Bomba lililofukiwa halipigiki picha. Nawaelezaje?

---

NesiMkongwe

Waambie wapige picha binti anayechota maji mita kumi kutoka mlangoni kwao saa mbili asubuhi akiwa na sare ya shule. Lakini aombwe ruhusa kwanza, na mama yake pia.

---

Mwanasemina98 (Oktoba)

Mrejesho.

Mwalimu wa fizikia ameigeuza kuwa kazi ya kidato cha pili, wanapima kila Jumatano. Wiki hii chanzoni ndoo imejaa kwa sekunde 19. Hiyo ni lita 1.05 kwa sekunde, kama 91,000 kwa siku. Tangini sekunde 57, yaani kama lita 30,000 kwa siku. Ndiyo maana wanashuka mtoni.

Idadi: vitongoji viwili vya njiani watu 1,150, ni lita 28,750. Bweni wanafunzi 320, ni 22,400. Kituo cha afya vitanda 24, ni 4,800. Nyumba za masista, mapadre, watumishi na wageni nimeweka 3,000. Jumla 58,950, nikiongeza asilimia 20 ya upotevu nafika karibu 71,000.

Kwa hiyo chemchemi katika mwezi wake mbaya inatosha leo vitongoji, shule na kituo, na karibu lita 20,000 zinabaki zikitiririka mtoni. Kisima hakihitajiki kwa sasa. Miaka 15 ijayo hesabu itabana, hilo nimeliandika kwenye taarifa kwa herufi nzito ili asije mtu akasema hakuambiwa. Paa za madarasa na bweni pia tumezipima, kama mita za mraba 600. Mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ukitoa upotevu, ni kama lita 480,000. Haziwezi kuvusha kiangazi chote lakini zinaondoa vyoo na kufua kwenye bomba kuanzia Desemba.

Mpimaji amekuja. Tofauti halisi ni mita 31, siyo 45. Na mgongo upo, karibu na kitongoji cha pili.

---

BombaLaChini

31. Bomba la 63 lingekwama hapo hapo. Nenda na 75, na usimruhusu mtu yeyote wa manunuzi "akuokolee hela".

Vilula vitano njiani?

---

Mwanasemina98

Vitano. Mkutano wa kwanza wa vitongoji ulikuwa mkali. Mzee mmoja alisimama akasema watakubali bomba lipite kama kilula cha kwanza kitafunguliwa kabla ya maji kufika shuleni. Paroko alikaa kimya kidogo, halafu akasema sawa. Watu walipiga makofi, ila naona sista mkuu hajafurahi sana.

Kinachobaki kigumu ni nani anashika ufunguo wa chanzo. Misheni wanataka fundi wao. Kijiji kinataka chombo cha watumia maji, na RUWASA nao wanasema sheria inataka hivyo hivyo. Ndoo shilingi 50 vilulani wamekubali, lakini shule ilipe kwa dira ya maji kama mteja mwingine yeyote, au iwe bure kwa sababu "bomba ni la misheni"? Hapo tumesimama.

---

RaiaWaKawaida

Shule ilipe. Isipolipa, mwaka wa tatu chombo hakina hela ya valvu na wa kwanza kukosa maji ni hiyo hiyo shule.

---

MtuWaNgolo

Ilipe, lakini bei ya taasisi, siyo ya ndoo. Na yule fundi mzee aajiriwe na chombo, asaidiwe na kijana wa kitongoji cha juu. Akiwa wa misheni peke yake, mpira utarudi.

---

MamaKahawa

Na kwenye kamati wawepo wanawake wanaochota. Siyo wake za viongozi.

---

Kidume_Kariakoo

Mkuu, na lile tangi la mnara lenye mwaka wa kuhitimu?

---

Mwanasemina98

Grupu limekubali kwa kura, kwa tofauti ndogo, kuliacha. Jamaa wa nembo ameomba angalau iwekwe kwenye mfuniko wa chemba ya valvu pale mgongoni. Tumempa.

Mkutano mkuu wa kijiji ni Alhamisi ijayo, mtendaji ameshabandika tangazo. Meneja wa RUWASA amesema atakuja, na ofisi ya jimbo inatuma mtu wa maendeleo na barua. Maombi ya kibali yameenda bonde la Ruvuma, maana mto wetu unaelekea huko. Ninachotafuta sasa ni fundi wa kuunganisha bomba la plastiki kwa mashine ya joto, mwenye mashine yake, aliye Songea au Mbinga na anayekubali kulala kijijini hadi mtaro ufukiwe. Mwenye kumjua aje PM, na aniambie kazi gani ameshaifanya ili nikaione kwanza.